Mitego ya shimo msituni: namna ya kulinganisha wadudu wa ardhini na hali ya msitu bila kudanganyika

Swali huwa linaonekana jepesi: je, msitu wenye kivuli kizito na majani mengi chini una wadudu tofauti na ule uliokatwa mkaa? Wanafunzi wa Dar es Salaam hulipeleka kwenye misitu ya Pugu, Kazimzumbwi au Vikindu wakiwa na vikombe vya plastiki vya kufukia ardhini ili wadudu wanaopita watumbukie, na wengi hurudi na matatizo yaleyale. Vikombe vimejaa maji ya mvua, sampuli zimeoza, lebo zimefutika. Baya zaidi ni jedwali linaloonyesha kwamba sehemu iliyoharibiwa ina wadudu wengi kuliko msitu mzima, na mwandishi wake hajui aeleze nini.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Humu neno wadudu linabeba wote wasio na uti wa mgongo wanaotembea ardhini: sisimizi, mchwa, mbawakawa, mende, nyenje, buibui, nge, tandu, jongoo, konokono na wale wadogo wa kwenye majani.

## Vifaa

Hesabu hii ni ya kazi ya hali tatu za msitu, ploti 4 (vipande vya ardhi vya kupimia) kwa kila hali, mitego 5 kwa kila ploti. Jumla ni mitego 60.

- Vikombe 120 vya plastiki ngumu, mdomo wa sentimita 8 hadi 9, kina cha sentimita 10 au zaidi. Viwe vya aina moja vyote. Kila mtego unatumia viwili, kimoja ndani ya kingine.
- Vifuniko 60 vya sentimita 15 kwa 15, vya bati au vilivyokatwa kwenye ndoo mbovu, na misumari 180 ya inchi 4.
- Chumvi kilo 3.5 na maji lita 10. Chumvi ya dukani inatosha.
- Sabuni ya maji isiyo na harufu, chupa moja ndogo.
- Ethanoli ya asilimia 96 kutoka duka la kemikali za maabara, na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Ukinunua maji ya betri, hakikisha ni yale ya kujazia, si asidi.
- Chupa ndogo zenye mfuniko wa kukaza, karatasi ngumu nyeupe na penseli.
- Mwiko wa fundi, panga, kamba ya mita 50, rula, kipimajoto cha kuchoma udongoni, mizani inayosoma hadi gramu 0.1.
- Fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50, chekeche yenye matundu ya sentimita 1, vifuko vya kitambaa vilivyofumwa vizuri.
- Makopo yenye mfuniko kwa ajili ya udongo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo usipange kazi yako juu yake.
- Sinia jeupe, kibano, brashi ndogo ya rangi, lenzi ya kukuza mara 10. Hadubini ikipatikana, ni bora.

Spiriti ya rangi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni rahisi, lakini hutia madoa kwenye sampuli, na rangi ya mwili ni mojawapo ya mambo utakayoyategemea kutenganisha aina. Itumie kusafishia vifaa tu.

## Hatua ya 1: Kibali, kisha ploti

Pugu-Kazimzumbwi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), Pori la Akiba Pande liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Anza ofisini kwao ukiwa na barua ya chuo au shule inayotaja idadi ya mitego, kimiminika utakachotumia na tarehe. Kuchimba mashimo hifadhini bila kibali ni kosa, hata kama mashimo yenyewe ni ya vikombe.

Chagua hali tatu zinazoonekana kwa macho: msitu uliofunga juu kwa matawi, msitu uliokatwa na kuanza kuota upya, na ukingo unaopakana na mashamba au barabara. Kwa kila hali tafuta ploti 4 zilizotawanyika, zenye umbali wa angalau mita 200 kati yao. Ploti za ndani zikae mita 100 au zaidi kutoka ukingoni, kwa sababu upepo na jua la pembeni hupenya mbali kuliko mtu anavyodhani.

Hapa ndipo kazi nyingi hufa kabla hazijaanza. Mtu anaweka mitego 20 sehemu moja nzuri na 20 sehemu moja mbaya, kisha anadai ana sampuli 40. Ana sampuli 2. Mitego iliyo jirani inashiriki kichuguu kilekile na gogo lilelile, hivyo kinachohesabika ni ploti, si kikombe.

Epuka kuweka ploti juu ya alama ya tanuri la mkaa (utaijua kwa udongo mweusi na majivu) isipokuwa tanuri ndilo swali lako. Udongo pale umepikwa, na hauwakilishi msitu uliokatwa kwa ujumla.

## Hatua ya 2: Pima hali ya msitu palepale penye mtego

Usiridhike kuandika "msitu mnene". Neno hilo haliwezi kuingia kwenye hesabu. Pima kwenye kila mtego, kabla ya kuchimba.

Kivuli. Shika simu mita 1 kutoka ardhini, kamera ikitazama juu wima, piga picha asubuhi au wakati mawingu yametanda sawasawa. Jua la saa sita hufuta majani membamba pichani. Weka gridi ya miraba 10 kwa 10 juu ya picha na hesabu miraba ambayo zaidi ya nusu yake ni majani au matawi. Miraba 83 ni kivuli cha asilimia 83.

Kina cha majani makavu. Choma rula hadi iguse udongo mgumu, sehemu 5 kuzunguka mtego, toa wastani. Usiikandamize. Kumbuka kwamba miti mingi ya pwani hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo kipimo cha Agosti na cha Aprili havilinganishwi.

Unyevu wa udongo. Chukua karibu gramu 100 kutoka kina cha sentimita 0 hadi 10, funga kwenye kopo, pima uzito siku hiyohiyo. Kausha kwenye oveni ya maabara nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Unyevu ni maji yaliyopotea kugawanya kwa udongo mkavu: gramu 100 zikibaki 80, ni 20 kwa 80, yaani asilimia 25. Wengi hugawanya kwa uzito wa mbichi. Chagua njia moja na uiandike.

Joto la udongo, kina cha sentimita 5, ploti zote ndani ya saa zilezile. Kipimo cha saa mbili asubuhi kikilinganishwa na cha saa nane mchana, unapima saa, hupimi msitu.

Magogo. Tandaza kamba ya mita 50 katikati ya ploti, hesabu kila gogo au tawi lililokufa lenye unene wa zaidi ya sentimita 10 linalovukwa na kamba.

Aina ya udongo. Lowanisha kiganjani na usokote. Usiposhikana ni mchanga, ukitoa mkanda mrefu ni mfinyanzi. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi unaoshika maji, na hatua chache kutoka hapo unaweza kukanyaga mchanga mtupu. Usipolinakili hili, tofauti ya udongo itajifanya tofauti ya ukataji miti.

Ukimaliza uwe na jedwali lenye mistari 60, mmoja kwa kila mtego, bila nafasi tupu. Hesabu ya magogo na aina ya udongo ni vipimo vya ploti. Rudia thamani ileile kwenye mistari yake mitano.

## Hatua ya 3: Fukia vikombe, uviache vimefungwa

Panga mitego 5 kwa mstari, kila mmoja mita 10 kutoka kwa mwenzake. Ondoa majani kwa mkono, chimba kwa mwiko shimo la saizi ya kikombe, ingiza vikombe viwili vikiwa pamoja. Kile cha nje hubaki ardhini hadi mwisho wa kazi. Cha ndani ndicho utakachotoa, ili udongo usiporomoke kila unapokusanya. Toboa kitako cha kile cha nje matundu matatu ili maji yasiusukume mtego juu.

Sasa jambo linaloamua kila kitu: mdomo wa kikombe. Uwe sawa na uso wa udongo, au milimita 2 chini yake. Ukibaki juu hata kwa unene wa shilingi, sisimizi na buibui wadogo wataukwepa, na utapata mbawakawa wakubwa tu. Shindilia udongo kuzunguka mdomo kwa vidole, kisha pitisha kidole kutoka nje kuelekea ndani. Kidole kisikwame popote. Rudisha majani kama yalivyokuwa, hadi karibu na ukingo.

Funga mitego kwa vifuniko vilivyobanwa chini na iache wiki moja. Kuchimba kunatoa hewa na harufu ya udongo mpya, kunavunja njia za sisimizi, na wadudu humiminika hapo kwa siku kadhaa za mwanzo. Ukifungua siku hiyohiyo unapima fujo yako mwenyewe. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa nauli ya Gongo la Mboto hadi Kisarawe inahesabiwa mara mbili. Hesabu nauli hiyo tangu mwanzo.

## Hatua ya 4: Fungua kwa saa 72

Tengeneza maji ya chumvi iliyokolea: gramu 350 kwa kila lita 1, koroga hadi iyeyuke. Ongeza matone 3 ya sabuni kwa lita. Chumvi huzuia kuoza, sabuni huvunja ngozi ya maji ili mdudu azame badala ya kuelea na kupanda tena ukutani.

Mimina mililita 150 kwa kila mtego. Pombe usitumie hapa: kwa joto la Dar es Salaam hukauka upesi, na harufu yake huwavuta baadhi ya wadudu na kuwafukuza wengine. Maji ya rejeta hufanya kazi lakini mengi ni sumu tamu kwa mbwa na wanyama wa msituni. Yaache.

Pandisha kifuniko juu ya misumari mitatu, kiwe sentimita 3 kutoka ardhini. Kinazuia mvua, majani yanayodondoka na ndege. Kama eneo lina vyura wengi au virukanjia, weka juu ya mdomo wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 2, na uweke kwenye mitego yote 60 au usiweke kabisa. Wavu huo utawazuia jongoo wakubwa weusi. Wahesabu kwa kutembea kando ya kamba ya mita 50, mita 1 kila upande.

Fungua mitego yote siku moja, kusanya yote siku moja. Wakati mzuri ni wiki chache baada ya mvua za vuli au masika kutulia, majani yakiwa yamelowa lakini hakuna mafuriko. Kati ya Juni na Septemba jongoo na konokono wengi hujificha chini, na mtu asiyejua ataandika kwamba msitu hauna jongoo. Ukiweza, fanya misimu yote miwili.

Usizidishe siku. Chumvi haihifadhi kama pombe, na siku ya nne au ya tano miili laini huanza kulegea.

Mambo ya kutarajia: nyani au ngedere kung'oa vifuniko, mbuzi kukanyaga vikombe vya ukingoni, siafu kupita na kujaza kikombe kizima. Mtego ulioharibika uandike kuwa umeharibika. Usiukadirie.

## Hatua ya 5: Majani yapitishwe kwenye chekeche na faneli

Mtego wa shimo unanasa anayetembea. Mdudu anayeishi ndani ya jani moja mwezi mzima hautamwona. Ndiyo sababu unahitaji njia ya pili, na ndipo siri ya lile jedwali la ajabu la mwanzo inapoanza kufichuka.

Weka fremu ya sentimita 50 kwa 50 mahali pasipokanyagwa, mita 2 hadi 3 kutoka kwenye mtego. Kusanya haraka majani yote ndani yake pamoja na sentimita 1 ya juu ya udongo. Chekecha kwa nguvu juu ya kitambaa, tupa majani makubwa baada ya kuyakagua, funga kilichopita kwenye kifuko. Fremu 4 kwa ploti hufanya mita ya mraba 1. Vaa glavu: nge na tandu hukaa hapohapo. Weka vifuko kivulini, kamwe si kwenye buti la gari lililopaki juani.

Faneli ni dumu la lita 5 lililokatwa kitako na kugeuzwa mdomo chini, ndani yake wavu wa chuma wa matundu ya milimita 4 hadi 5. Tandaza majani juu ya wavu yasizidi kina cha sentimita 8, kung'uta vumbi lidondoke, halafu ndipo uweke chini chupa ya ethanoli. Juu, sentimita 20, ning'iniza balbu ya zamani ya waya, wati 25. Taa za LED hazitoi joto la kutosha. Wadudu hukimbia ukavu na mwanga, hushuka, hutumbukia.

Joto lisipande haraka. Balbu ya wati 100 huwakausha wadogo kabla hawajafika chini, tena ni njia rahisi ya kuunguza nyumba. Siku 3 hadi 4 zinatosha. Majani yakivunjika kama bisi, zima. Umeme ukikatika, andika saa zilizopotea na uziongeze kwa sampuli zote za kundi hilo.

Asiye na umeme wa uhakika atumie mfuko wa Winkler: gunia la kitambaa lililoning'inizwa kivulini, ndani yake vifuko vya wavu wa milimita 4 vyenye majani, chini chupa ya pombe. Kawaida ni saa 48, lakini kwa unyevu wa pwani wakati wa masika tumia 72.

## Hatua ya 6: Kusanya na kuandika lebo

Toa kikombe cha ndani, mimina kwenye chujio la chai lenye kitambaa chepesi, suuza kwa maji safi kuondoa chumvi, hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70. Kuipata kutoka asilimia 96, pima mililita 730 na ongeza maji hadi lita 1. Usiporuhusu chumvi itoke, fuwele zitang'ang'ania miguuni na chini ya lenzi hutaona kitu.

Lebo inaandikwa kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, na inawekwa ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye pombe, na maandishi ya nje hufutika kwa tone moja. Andika msitu, ploti, namba ya mtego, njia, tarehe ya kufungua na ya kukusanya. Baada ya saa 24 badilisha ethanoli mara moja, kwa kuwa miili imetoa maji na kuipunguza nguvu.

## Hatua ya 7: Kutenganisha makundi

Mimina sampuli kwenye sinia jeupe, chupa moja kwa wakati. Gawa kwanza kwa makundi makubwa. Jongoo ana jozi mbili za miguu kwa pingili nyingi za mwili, tandu ana jozi moja. Buibui ana kiuno, utitiri hana. Kolembola ni wadogo wa milimita chache, wengi wana mkia wa kufyatua chini ya tumbo. Mchwa ana kiuno kinene na vipapasio vilivyonyooka. Sisimizi ana kiuno chembamba chenye kifundo na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko.

Kisha chagua makundi mawili au matatu uyashughulikie kwa kina. Sisimizi, mbawakawa na buibui wanafaa. Atakayetaka kutambua kila kitu hatamaliza. Ndani ya kundi, wanaofanana wape msimbo, mfano Sis-01, Sis-02, na weka kielelezo kimoja cha kila msimbo kwenye chupa yake. Mpe mtu mwingine vielelezo 20 avigawe upya bila kuona misimbo yako. Mkitofautiana zaidi ya viwili, rudini kwenye hadubini.

## Hatua ya 8: Kusoma matokeo

Geuza idadi kuwa kwa siku-mtego. Mitego 5 kwa siku 3 ni siku-mtego 15. Mmoja ukiharibika ni 12. Mbawakawa 60 kwa 15 ni 4, kwa 12 ni 5. Halafu jumlisha mitego ya ploti moja iwe mstari mmoja. Sasa una mistari 12, na hiyo ndiyo sampuli yako halisi.

Kwa sisimizi, siafu na mchwa usitumie idadi ya vichwa. Tumia idadi ya mitego walimoonekana kati ya 5. Msafara mmoja wa siafu uliopita usiku unaweza kuleta mamia kwenye kikombe kimoja, na mamia hao ni kundi moja tu.

Turudi kwenye lile jedwali la ajabu. Mwanga ukiingia, udongo hupata joto, na sisimizi kwenye udongo wenye joto hukimbia zaidi, kwa hiyo hutumbukia zaidi. Majani yakiwa haba, mbawakawa na buibui wawindaji hawana cha kuwapunguza mwendo. Kwenye msitu uliofunga tabaka nene la majani makavu huwazuia hao hao, hata wakiwa wengi. Mtego unapima wingi na mwendo kwa pamoja, na hauwezi kukutenganishia. Ndiyo maana ploti iliyokatwa inaweza kuongoza kwa vikombe na kushika mkia kwa faneli. Ukiona hivyo, hukukosea. Andika matokeo yote mawili, ya kila njia peke yake, wala usiyajumlishe.

Kinachobadilika kwa uhakika zaidi ni nani yupo. Jongoo, konokono na kolembola hupoteza maji haraka kupitia ngozi au miili isiyo na nta ya kutosha, hivyo hufuata kivuli na unyevu. Mende wa msituni, tandu na mchwa wanaokula mbao hufuata magogo. Ukingoni wanaingia sisimizi wa mashambani wanaostahimili jua. Aina zinaweza kulingana kwa idadi pande zote mbili huku orodha zikiwa tofauti karibu kabisa, na mwenye kutazama jumla peke yake hatalijua hilo.

Kwenye programu ya takwimu ya R, ambayo ni ya bure, kifurushi cha vegan kinatosha. Tumia rarefy kulinganisha idadi ya aina kwa idadi sawa ya wadudu, metaMDS kuchora ploti kwa kufanana kwa jamii zake, na adonis2 kupima kama kivuli, majani, unyevu na udongo vinaeleza tofauti. Kwa ploti 12 usiingize vipimo zaidi ya viwili au vitatu kwa mara moja. Kivuli na joto la udongo huenda pamoja, chagua kimoja.

Mchoro mzuri huonyesha ploti za hali moja zikikaribiana, na mshale wa kina cha majani au unyevu ukielekea upande wenye jongoo na kolembola. Ploti zikichanganyika ovyo, angalia aina ya udongo kabla ya kulaumu mitego. Na kabla ya kuondoka msituni kwa mara ya mwisho, ng'oa vikombe vyote vya nje, hesabu vifike 60, na ujaze mashimo.